Samaki wa Mwembe, Macho ya Wanja

Harufu ya vanishi hunitia hofu mpaka leo. Mtu mzima mimi, mama wa watoto wawili, lakini nikipita penye fundi anayepaka kitanda, bega langu la kushoto hupanda juu lenyewe kulinda sikio. Baada ya matanga ya Baba, mdogo wake, Ami Badi, aliniletea kasha la vifaa vyake. Alilitua sebuleni kwangu, akalifungua, na kabla sijaona kilichomo bega likapanda.

Ndani mlikuwa na patasi, tupa, randa, na samaki saba wa mti, kila mmoja urefu wa kiganja. Sita hawakuwa na macho. Wa saba alikuwa nayo, nami niliyajua, maana niliyatia mwenyewe.

Baba alikuwa fundi wa milango. Karakana yake ilikuwa chini, katika mtaa wa Ndia Kuu, nasi tukiishi juu yake. Alichonga maua, minyororo, mawimbi na majani ya mtende, na hakupata kuchonga ndege wala mnyama. Alifunzwa hivyo na fundi wake, naye fundi alifunzwa na wake: chenye roho hakichongwi. Aliyemfunza ubao hakumfunza mkono. Mkono wa Baba ulifanya utakavyo.

Siku moja alikuja nahodha wa mashua za kuwavulisha wageni. Alikuwa na samaki wa plastiki wa kurambazia, yule anayefungwa kwenye mshipi na kuburutwa nyuma ya mashua. Kidevuni samaki huyo ana ulimi. Maji yakiupiga ulimi, humzamisha na kumtikisa, nguru akamdhani ni samaki mdogo mgonjwa akamrukia. Ulimi wa huyu ulikuwa umevunjika, na nahodha alitaka mwingine. Baba alimgeuza mkononi, akasema ulimi si kitu, atamchongea samaki mzima, wa mti, aliye bora kuliko huyo.

"Fundi," nahodha akasema, "wewe tuchongee milango. Mlango hauogelei."

Barazani watu wakacheka. Nilikuwa ngazini, niliona shingo ya Baba ikiiva. Baba alikuwa radhi kupigwa kuliko kuchekwa, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumpiga, waliopigwa tulikuwa sisi.

Samaki wake aliwachonga bila macho, akisema kisicho na macho hakina roho. Wa kwanza alikuwa wa msaji, akazama kama nanga. Wa pili wa msufi, akaelea kama kifuu. Wa tatu alikuwa wa mwembe, mwenye risasi iliyoyeyushwa tumboni, naye alikuwa na uzito wake sawasawa, ila akivutwa alilala ubavu na kuzunguka kama kuku aliyechinjwa. Baba aliwajaribia kwenye ngazi za mawe zinazoteremka majini nyuma ya nyumba zetu, akitembea haraka ukingoni na mshipi mkononi. Mimi na Mama tulitazama dirishani. Hatukutazama kwa kupenda uvuvi. Samaki akilala ubavu, ilitubidi tujue kabla Baba hajaanza kupanda ngazi.

Huyo wa mwembe alilala ubavu siku tatu. Siku ya tatu Baba alipanda akaingia jikoni moja kwa moja, akakitwaa kifuniko cha sufuria ya wali iliyokuwa motoni. Alitaka bati la kukatia ulimi mpya, na bati la kile kifuniko lilikuwa jepesi na gumu.

"Babake," Mama akasema, "hicho ni cha sufuria ya marehemu mamangu."

Alimpiga nacho. Hakumpiga kwa ubapa, alimpiga kwa ukingo, na nyusi ya Mama ikafunguka kama mdomo. Mama hakupiga kelele. Alishika meko kwa mikono miwili, akainama, damu ikadondoka ndani ya sufuria, to, to, juu ya wali unaochemka. Nyumba zile zimeshikana kuta, na mtu akikohoa huku huambiwa pole kule. Jirani akaongeza sauti ya redio. Baba akashuka na kifuniko chake, na punde tukasikia mkasi wa bati ukifanya kazi. Wali ule tuliula, sote watatu.

Baadaye Mama alikaa kitandani, leso imekunjwa juu ya jicho, akaniita.

"Ndoo, mwanangu, kaa hapa. Nisikize. Akininyanyulia mkono mara nyengine, natoka. Natoka na wewe. Twenda Bondeni kwa dadangu, na hatutarudi."

Wasomaji wa rika langu mtanielewa nikisema kwamba nilitetemeka kwa lile neno *hatutarudi* kuliko nilivyotetemeka kwa damu. Nilimpenda Baba. Nasema wazi, wala simwombi mtu radhi. Ndiye aliyenichongea ubao wa chuo cha Kurani wenye maua ya yasmini pembeni, watoto wote wakanionea wivu. Ndiye aliyeniacha nipange parafujo zake kwa ukubwa, akaniita fundi mwenziwe. Nilitaka niwe na Mama na nyumba na Baba, ila Baba bila ile mikono. Na mimi, kwa akili zangu za miaka tisa, nilikuwa nimekwisha kujua mikono ile inaendeshwa na nini.

Chuoni mwalimu alitufunza kwamba mwenye kufanya sanamu ya chenye roho ataambiwa siku ya Kiyama: haya, kitie uhai ulichokiumba. Naye hataweza, na ataadhibiwa. Nami nilikuwa nikimsikia Baba kule chini akimpigapiga samaki mezani na kumkaripia, "Ogelea, wee! Uhai huna? Ogelea!" Ikanijia picha kamili. Baba amekwisha kuambiwa! Hakungojewa Kiyama. Ameamrishwa amtie uhai samaki yule, hawezi, na adhabu imeanza humu humu nyumbani, isipokuwa inatuangukia sisi kwa kuwa tuko karibu. Na samaki atapataje uhai naye hana macho? Kipofu gani aogelee? Baba hawezi kumtia macho kwa sababu ni dhambi. Lakini mimi sikuwa nimebaleghe. Mwalimu huyo huyo alisema mtoto haandikiwi dhambi mpaka abaleghe. Basi macho nikiyatia mimi, dhambi itakosa pa kuandikwa, samaki ataona njia, Baba atafunguliwa, na Mama hatatoka. Hesabu hiyo niliipiga juu chini nisione kasoro.

Baba alipokwenda msikitini kuswali alasiri, nilishuka na kidau cha wanja cha Mama. Samaki alikuwa mezani, mgongo amepakwa buluu nzito, ulimi wa bati la kifuniko umepigiliwa kidevuni ukitazama chini. Nilimtia wanja upande huu na huu kwa njiti ya kiberiti, vidoto vidogo juu ya ile buluu, usingeviona mpaka umgeuze kwenye mwanga. Halafu nikavifunika kwa vanishi ya Baba ili maji yasivioshe. Nilipomrudisha, akateleza, akaanguka sakafuni kwa mdomo. Ulimi uliokuwa ukitazama chini ukakunjuka ukatazama mbele. Nilijaribu kuurudisha, bati likanikata kidole. Nikamweka alivyo, nikakimbia juu, nikangoja kupigwa.

Baba alirudi, akamchukua bila kumtazama, akateremka majini. Mama alikuja dirishani na jicho lake lililovimba. Baba akavuta. Samaki akazama! Akazama kichwa mbele, akashika njia chini ya maji, akitikisa kiuno. Baba alifika mwisho wa ukingo, akarudi, akavuta tena, samaki akazama tena. Ndipo tukasikia sauti tuliyokuwa tumeisahau. Baba alikuwa anacheka.

Yeye aliona ulimi. Alikaa ngazini akaukunja juu, akaukunja chini, akajaribu, akaelewa: ulimi ukinyooka mbele, samaki hushuka chini sana, ukiinama, hupita juujuu. Usiku na mchana haukupita alikuwa ameufanya ulimi wa kukazwa na kulegezwa. Aliupasua ufa mrefu, akautia parafujo moja ya shaba, na ubavuni mwa samaki akachora alama tatu. "Kaza hapa, apita juu," alimwonyesha Ami Badi, aliyekuwa na mashua ya mashine. "Sukuma mbele, ashuka pima tatu. Samaki mmoja, vina vitatu. Huyo mzungu wa plastiki awezapi?" Mimi niliona macho. Nilijua kilichomzamisha, nikanyamaza na siri yangu kama mtu aliyetafuna karafuu.

Siku zilizofuata ndizo njema kuliko zote nilizoishi katika nyumba ile. Ami Badi alirudi na nguru mrefu kuliko mimi, samaki wa Baba bado yumo kinywani mwake. Akamtupa kwenye ngazi za mawe, nguru akajirusha, akapiga mkia, na Ami akamshindilia rungu la kichwa, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka jicho likatoka na damu ikateremka ngazi kwa ngazi kurudi baharini. Nilipiga makofi. Niliipenda damu ile. Kila rungu lililompata nguru niliona limemkosa Mama. Baba alikwenda Biashara Street akarudi na leso mpya, jozi nzima, nyekundu. Mama aliipokea, akashukuru, akaikata na kuipinda, lakini hakuivaa. Aliiweka sandukuni. Sikujua kwa nini, nikamwona hana shukrani.

Halafu ikaja Ijumaa. Baada ya swala, yule nahodha aliyecheka alikuja mwenyewe barazani, na wenziwe wawili, kutazama. Baba alivaa kanzu. Ami Badi alimtoa samaki, akaeleza ulimi, akalegeza na kukaza, wakamsifu. Ami naye alikuwa na mdomo wa mzaha. "Kakangu alipochekwa alikasirika. Hasira za mkizi, tijara ya mvuvi!" Wakaangua kicheko, hata Baba. Nahodha akamwinua samaki kwenye jua.

"Na mato umemtia, fundi. Madogo, mazuri. Nami nkiambiwa wewe hutii mato!"

Mimi nilikuwa dirishani juu yao. Kicheko cha Baba kilikatika. Alimtwaa samaki, akamgeuza kwenye mwanga, upande huu, upande huu. Mbele ya watu waliotoka msikitini, fundi asiyechonga chenye roho alikuwa ameshika chenye macho. Akaingia, akafunga mlango, nikasikia anapanda.

Mama alikuwa akikunja nguo. Baba alisimama katikati ya chumba, samaki mkononi, ndoana mbili zikining'inia, moja tumboni na moja mkiani, kila moja ina makali matatu.

"Nani alotia mato haya?"

Nikasema ni mimi. Nikasema sijabaleghe, sitaandikiwa. Nilidhani nikimweleza vizuri atafurahi. Kofi likanishukia sikio la kushoto, chumba kizima kikalia. Mama akaja katikati yetu.

"Mguse tena uone," akasema.

Baba alimsukuma. Mama alipepesuka, akageuka, akaangukia ukingo wa kitanda, mdomo ukagonga mbao, akakaa chini. Kisha Baba akamnyanyua samaki ili ampasue juu ya jiwe la dirisha, nami nikaona kila kitu kinavunjika pamoja naye: kicheko, leso, siku zile. Nikamrukia. Nikamdaka kwa mikono miwili, Baba akamvuta kwa nguvu zake zote.

Ndoana ya mkiani iliniingia mkononi, chini ya kiwiko. Ya tumboni ilimwingia yeye kiganjani, penye nyama ya dole gumba. Akavuta, ngozi yangu ikanyanyuka kama hema. Nikapiga yowe. Akanipiga kwa mkono wa kushoto ninyamaze, lakini kichwa changu kilipokwenda, mkono wangu ulikwenda nacho, na samaki akamvuta kiganja. Yeye ndiye aliyelia. Akanipiga tena, akalia tena, kwa sauti kuliko yangu. Mara ya tatu mkono ulipanda ukasimama hewani. Tulibaki hivyo, tumeshonwa pamoja na samaki, tukitazamana, damu yake na yangu zikikutana juu ya ile buluu na kutonea sakafuni.

Mama aliinuka. Kidevu kilikuwa chekundu mpaka shingoni. Alishuka karakana, akapanda na koleo la kukatia waya, akapiga magoti.

"Anza na mimi," Baba akasema. "Huu ni mkono wa kazi, mama. Anza na mimi."

Mama alianza na mimi. Ndoana ina kijino nyuma ya ncha kinachoizuia isirudi, kwa hiyo hairudishwi, husukumwa mbele mpaka ncha itokee upande wa pili. Aliisukuma. Niliona nyama yangu ikichomoza, ikapasuka, ncha ikatoka na kijino chake. Mama akaibana kwa koleo, ta! Kipande kikaruka, akaichomoa iliyobaki. Akafungua sanduku, akatoa leso mpya, akaichana kwa meno yake yenye damu, akanifunga mkono. Halafu akaliweka koleo juu ya kigoda, karibu na mkono wa kushoto wa Baba, akavuta mzigo uliokuwa chini ya kitanda, akavaa buibui.

"Na mimi je?" Baba akasema. "Mamake. Na mimi je?"

Tulishuka. Barazani watu walikuwa wametawanyika, amebaki Ami Badi peke yake, ambaye alitazama mkono wangu akakosa mzaha. Tulikwenda Bondeni kwa miguu, mchana kweupe, watu wakitupisha njia. Hatukurudi.

Nilikua nikiamini ni macho yangu yaliyovunja nyumba ile. Nilipobaleghe niliogopa kwamba dhambi iliyokosa pa kuandikwa ilikuwa ikiningoja. Nikaja nikasoma, nikaolewa, nikazaa, na akili yangu ikajua kwamba kilichomzamisha samaki ni ulimi uliokunjuka, na kilichoendesha mikono ya Baba ni Baba. Akili ilijua. Bega bado linapanda. Baba nilimwona mara chache mno, mbele za watu, akanisalimu kwa adabu kama mgeni. Hakuniomba msamaha nami sikumpa. Matangani sikulia, wanawake wakanong'ona.

Basi Ami Badi alipoleta kasha, nilimtoa yule samaki mwenye macho, nikamwuliza Ami swali ambalo sikuwahi kumwuliza mtu. Baba ile ndoana ya kiganjani aliitoaje?

"Nilipanda jioni," Ami akasema. Mzee sasa, mashua alikwisha kuiuza. "Nikamkuta amekaa pale pale, samaki amening'inia mkononi. Koleo liko kigodani. Nkamwambia, kaka, niachie niikate. Akasema, wacha. Mamake atarudi kuitoa. Siku zote hurudi. Akanifukuza. Nilipokuja asubuhi, mkono umefura kama mkate, na bado amekaa. Ndipo alipoelewa kwamba harudi. Akaivuta, mwanangu. Nyuma, hivi, na kijino chake. Mbele yangu. Vidole viwili havikukunjika tena. Milango hakuichonga tena, ni samaki tu, kwa mkono wa kushoto."

Nilimpeleka samaki kwa Mama, Bondeni, siku hiyo hiyo. Sasa haoni vizuri, na kovu la nyusi limejikunja ndani ya makunyanzi mengine. Nilimweka mapajani mwake, nikamwambia yote, nikaanza na lile nililokuwa nimelificha: kwamba macho nilitia mimi ili tusitoke, na ndiyo yaliyotutoa.

Mama alicheka, kicheko kikavu. "Mzigo ule wadhani niliufunga saa ngapi? Uliniona nafunga? Ulikuwa chini ya kitanda tangu siku ya kifuniko. Leso ilipokuja nilikuwa nishaondoka, mwanangu, imebaki miguu tu. Nilikuwa nangoja upone homa yako, kisha ikaja ile Ijumaa."

Homa yenyewe siikumbuki hata kidogo. Nilikaa nikahisi kitu kikishuka kutoka mabegani, nikaona haya kwamba nilikibeba miaka yote hiyo bila kuuliza.

Kisha nikamweleza alilosema Ami. Mama akampapasa samaki kwa vidole, akafika ndoana ya mkiani, akahesabu makali: moja, mbili, na la tatu limekatwa. Akaja ya tumboni. Moja, mbili, tatu, yote mazima. Akarudia kuyahesabu.

"Koleo nilimwachia," akasema. "Nilimwekea karibu kabisa."

"Najua, Mama. Nilikuona."

"Karibu na mkono mzima. Angenyoosha tu."

"Najua."

Alimshika samaki yule kifuani, makali na yote, nami nikaogopa yasimchome, nikamwambia anipe. Hakunipa. Aliniuliza kama samaki bado ana macho, nikamwambia anayo, na hapo ndipo nilipomlilia Baba.